Jinsi ya kuomba kibali cha utafiti wa tabia mkoani Tabora, ili matokeo yaingie kwenye mpango wa halmashauri

Tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge hukaushwa wakati mvua bado zinanyesha. Moto wa bani, yaani jengo la kukaushia tumbaku, unachochewa usiku na mchana kwa siku kadhaa mfululizo, na ukizimika usiku jani linaharibika na mkulima anashushwa daraja sokoni. Kwa hiyo kila usiku lazima mtu akeshe bani. Chandarua chenye dawa kimetundikwa ndani ya nyumba, naye yuko nje na mbu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta vimelea vya malaria kwa takriban asilimia 23 ya watoto wa Tabora walio chini ya miaka mitano, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Ukimuuliza mkesha bani kama anajua faida ya chandarua, atakueleza vizuri kuliko bango la zahanati. Elimu anayo, ila kazi yake na ratiba yake ya usiku haviendani na chandarua alichopewa. Hapo ndipo sayansi ya tabia inapoisaidia serikali: inaangalia watu wanafanya nini hasa, saa ngapi na kwa nini, kisha inajaribu badiliko dogo kabla fedha za umma hazijamwagwa kwenye badiliko kubwa.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili, mhadhiri, mtumishi wa afya au asasi inayotaka kufanya utafiti wa namna hiyo Tabora. Nitatumia mfano wa mabani mpaka mwisho, ila njia ni ileile kwa swali la vyoo, mahudhurio shuleni au ulipaji wa ushuru.

Anzia kwa mwenye uamuzi

Watu wengi huanza na andiko la utafiti, wakafuata vibali, wakakusanya takwimu, na ndipo wanapoulizana nani atapokea matokeo. Naomba ugeuze mpangilio huo. Kabla hujaandika hata ukurasa mmoja, nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, uonane pia na mratibu wa malaria wa halmashauri, na uwaulize maswali mawili: ni uamuzi gani mnaoufanya kila mwaka bila ushahidi wa kutosha, na mnaufanya mwezi gani?

Swali la pili ndilo linalopanga ratiba yako yote. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, lakini halmashauri huanza kuandaa mpango na bajeti miezi mingi kabla, na Baraza la Madiwani huwa limeshaipitia bajeti mwanzoni mwa mwaka wa kalenda. Matokeo yakifika Mei yamechelewa, hata yawe mazuri namna gani. Sasa hesabu kurudi nyuma. Ukitaka matokeo yako yawe mezani kwa Mganga Mkuu wa Wilaya mwezi Oktoba, lazima uwe umekusanya takwimu kwenye msimu wa kukausha wa mwaka huohuo, yaani kuanzia Januari na kuendelea. Na ili Januari uwe mabanini, maombi ya vibali yawe yameondoka katikati ya mwaka uliotangulia. Msimu wa tumbaku hausubiri mhuri.

Andiko: pima kitendo, usiishie kwenye kauli

Mpitiaji wa andiko lako atakuwa mkali hapa, na ana haki. Dodoso linalouliza "Je, ulilala ndani ya chandarua jana usiku?" litakupa jibu ambalo mhojiwa anaona linakufurahisha. Panga pia kuangalia kwa macho: bani lina kibanda cha kulala? Kuna mahali pa kufungia kamba ya chandarua? Nani anakesha, baba, kijana wa nyumbani au kibarua wa msimu? Wanapokezana saa ngapi?

Kisha sema unajaribu nini. Labda kundi moja la vijiji lipewe chandarua cha ziada chenye fremu ya kusimamishwa nje, lingine lipate ujumbe wa ukumbusho kutoka kwa kiongozi wa chama cha msingi cha ushirika siku wakulima wanapokabidhiwa pembejeo, na la tatu liendelee na huduma ya kawaida. Vijiji vigawanywe kwa bahati nasibu inayofanywa wazi. Usichague mwenyewe, kwa sababu mtafiti akichagua, vijiji vyenye barabara nzuri na mtendaji mchangamfu ndivyo hupata kitu kipya, na matokeo yanapinda. Hakikisha pia kundi la kulinganisha halinyimwi chochote ambacho serikali tayari inampa kila mtu. Liandike hili waziwazi, kwa kuwa kamati ya maadili italiuliza.

Kwenye sehemu ya usuli, tumia mifano inayomgusa afisa atakayeisoma. Busia, magharibi mwa Kenya, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwafuatilia wakulima waliokuwa wakisema watanunua mbolea, lakini msimu ulipofika fedha hazipo. Walipoletewa nafasi ya kulipia mara tu baada ya mavuno, mbolea ikafikishwa bila gharama ya usafiri, wengi zaidi waliitumia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011. Kwa Tabora funzo hilo ni zito, kwa sababu kaya za tumbaku hupata fedha kwa mkupuo baada ya masoko, na mchango wowote unaodaiwa nje ya kipindi hicho unamkuta mtu mfukoni hana kitu. Udaipur, India, nako kulikuwa na jaribio la chanjo: vijijini ambako hakukuongezwa chochote, watoto asilimia 6 walikamilisha chanjo, palipowekwa kambi za uhakika za kila mwezi wakafika 18, na pale kambi zilipoambatana na kilo moja ya dengu kila chanjo, wakafika 39. Usidai kwamba dengu zitafanya kazi Kaliua. Dai tu kwamba jambo dogo linaweza kupimwa, na kwamba unataka kulipima hapa.

Kibali cha maadili

Utafiti unaogusa afya za watu unahitaji kibali cha maadili. Kwa ngazi ya taifa kinatolewa na kamati iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambayo ina kituo chake hapahapa Tabora. Kama chuo chako kina kamati yake ya maadili, anzia huko. Andaa barua ya maombi, andiko kamili, wasifu wa watafiti, bajeti, ratiba, madodoso yote na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili. Ada na mpangilio wa fomu hubadilika, hivyo soma maelekezo ya NIMR siku unayotuma, na usitegemee nakala ya rafiki aliyeomba zamani.

Fomu ya ridhaa ndiyo hurudisha maombi mengi. Iandike kama unavyoongea na mtu aliyesimama mbele yako: sisi ni nani, tunataka nini, itakuchukua muda gani, unaweza kukataa au kuacha katikati na hutapoteza huduma yoyote. Weka nafasi ya dole gumba na ya shahidi kwa asiyesoma. Eleza pia utakavyowafikia wazee wanaozungumza Kinyamwezi au Kisukuma tu. Kama wakesha bani wengine ni watoto, na baadhi watakuwa watoto, onyesha utaratibu wa ridhaa ya mzazi na wa mtoto mwenyewe, na utafanya nini ukikuta mtoto anafanya kazi ya hatari.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inakuhusu. Sema majina yatatunzwa wapi, nani atayaona na yatafutwa lini.

Kibali cha utafiti

Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti nchini. Mtafiti wa kigeni hana njia ya mkato: lazima awe na mshirika Mtanzania, apate kibali cha COSTECH, kisha afuate kibali cha ukaazi Uhamiaji. Mwanafunzi au mhadhiri wa chuo kikuu cha umma kwa kawaida hupewa barua ya kibali na chuo chake. Ulizia kurugenzi ya utafiti ya chuo mapema.

Mkoani: ofisi ya Katibu Tawala

Ukiwa na vibali hivyo, andika barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Iwe ya ukurasa mmoja. Inatosha kuanza hivi:

"YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUFANYA UTAFITI KATIKA HALMASHAURI ZA WILAYA ZA URAMBO NA KALIUA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninaomba kibali cha kufanya utafiti kuhusu matumizi ya vyandarua kwa wakulima wanaokesha kwenye mabani ya tumbaku, kuanzia mwezi Januari hadi Aprili. Matokeo yatawasilishwa kwa Waganga Wakuu wa Wilaya kabla ya maandalizi ya bajeti."

Sentensi hiyo ya mwisho usiiache. Inamwambia Katibu Tawala kwamba mkoa wake utapata kitu. Taja majina ya watafiti wote na kila halmashauri utakayoingia, kwa sababu kilichoachwa kwenye barua hakitakuwa kwenye kibali. Ambatanisha nakala za vibali, na nakala moja ya barua upigiwe mhuri wa kupokelewa masjala ubaki nayo. Ukirudi kufuatilia, mhudumu wa masjala atakuuliza tarehe na kumbukumbu namba, si jina lako.

Kutoka hapo utapata barua ya kukutambulisha wilayani. Ifikishe kwa Katibu Tawala wa Wilaya na kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, ambaye atakuandikia kwenda kwa watendaji wa kata, nao watakupeleka vijijini. Usiruke ngazi hata kama mtendaji wa kijiji ni shemeji yako.

Kijijini

Hapa karatasi haitoshi. Mwombe mwenyekiti wa kijiji nafasi kwenye mkutano, ujieleze mbele ya watu na wakuulize. Utafiti wetu wa mfano unafanyika usiku, kwa hiyo mtendaji awajulishe pia sungusungu: nani watapita, wamevaa nini, na wataishia saa ngapi. Mgeni mwenye tochi anayezunguka mabani usiku wa manane, wakati jani la msimu mzima liko ndani, atachukuliwa kuwa mwizi. Chukua wadadisi wanaoijua kazi ya bani. Wataelewa kwamba kuna saa mkulima hawezi kuacha moto ajibu maswali, na watasubiri.

Baada ya kukusanya

Kibali cha NIMR huja na masharti: taarifa ya maendeleo kila baada ya miezi sita, na ruhusa yao kabla ya kuchapisha. Kikikaribia kwisha kabla hujamaliza, omba kihuishwe mapema.

Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya peleka kurasa mbili za Kiswahili: mlitaka kuamua nini, tumeona nini, kila chaguo litagharimu shilingi ngapi kwa bani moja, na nini hakikufanya kazi. Kama fremu za vyandarua hazikutumika, liandike juu kabisa, maana hizo ni fedha ambazo halmashauri haitazitupa. Omba nafasi kwenye kikao cha timu ya afya ya wilaya kabla mpango wa afya wa halmashauri haujafungwa. Nakala nyingine iende kwa mtendaji wa kila kijiji ulichoingia, na mtu wa timu yako aisome kwenye mkutano wa kijiji unaofuata.