Kupima nyota pacha ukiwa Mtwara, bila mota ya darubini

Huku Mtwara, digrii 10 kusini mwa ikweta, Nyota ya Kaskazini haionekani kamwe, na ncha ya kusini ya anga (mahali ambapo anga huonekana kuzunguka) imelala chini kabisa, nyuma ya minazi. Kwa hiyo miongozo inayoanza kwa kulenga ncha ya anga haitufai sana. Njia ninayotumia hapa Mikindani haidai ncha wala mota ya kuzungusha darubini ifuate anga: unaiacha nyota ipite yenyewe mbele ya kamera, na mzunguko wa dunia unakupa kipimo na uelekeo kwa pamoja.

Andaa darubini ya vioo yenye kipenyo cha milimita 130 au zaidi, kamera ndogo inayokaa mahali pa lenzi ya jicho, laptopu, na ImageJ, programu ya bure ya kupimia picha.

Hatua ya 1: Chagua jozi, yaani nyota mbili zinazoonekana karibu sana. Anza na Alpha Centauri, ile angavu zaidi kati ya nyota mbili zinazoelekeza Msalaba wa Kusini. Katikati ya Juni, saa tatu usiku, iko kusini, digrii kama 40 juu ya upeo. Nyota zake mbili huzungukana kwa takriban miaka 80. Mwaka 2016 zilikaribiana hadi kama sekunde 4 za tao (digrii moja ina sekunde 3,600), na tangu hapo zimekuwa zikiachana.

Hatua ya 2: Tuliza hewa. Toa darubini nje saa nzima kabla. Usitazame juu ya mapaa ya mabati, maana yanatoa joto hadi usiku na nyota itachezacheza. Msimu wa kusi jikinge na upepo kwa ukuta mfupi.

Hatua ya 3: Rekodi. Weka nyota ukingoni mwa picha upande wa mashariki, achia darubini, rekodi video mpaka nyota itoke upande wa pili. Kila fremu ipigwe kwa sehemu moja ya mia ya sekunde au pungufu, la sivyo nyota mbili zitaungana. Rudia mara kumi. Hakikisha laptopu haidondoshi fremu, kwa sababu muda ndio msingi wa kila kitu.

Hatua ya 4: Hesabu. Hapa usiharakishe. Nyota iliyo kwenye ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia) husogea sekunde 15.04 za tao kwa kila sekunde ya saa. Iliyo mbali na ikweta hiyo husogea polepole zaidi: zidisha kwa kosaini ya umbali wake wa digrii kutoka ikweta hiyo. Alpha Centauri iko digrii 60.8 kusini, kosaini ni 0.488, kwa hiyo inasogea sekunde 7.34 za tao kwa kila sekunde. Tuseme imevuka pikseli 1,280 kwa sekunde 60: 7.34 mara 60 ni 440, kugawa kwa 1,280, yaani sekunde 0.344 za tao kwa kila pikseli. Ukikuta nyota zimeachana pikseli 26, utengano ni sekunde 8.9 za tao.

Sasa pembe, yaani nyota hafifu iko upande gani wa ile angavu, ikihesabiwa kuanzia kaskazini kupitia mashariki. Nyota ilikokwenda ndiko magharibi, yaani digrii 270. Kuanzia mstari wa uelekeo huo, pima kinyume cha mwendo wa saa hadi mstari unaotoka nyota angavu kwenda hafifu, jumlisha 270, na ikizidi 360 toa 360. Kama darubini yako ina kioo cha kukunja mwanga kinachogeuza picha kushoto-kulia, pima kwa mwendo wa saa. Kwa kuwa kila video inabeba magharibi yake, darubini isiyofuata anga haiharibu kitu.

Hatua ya 5: Linganisha na katalogi. Fungua WDS (Washington Double Star Catalog, katalogi ya nyota pacha) kupitia VizieR, tovuti ya katalogi za nyota. Inatunzwa na U.S. Naval Observatory na ina jozi zaidi ya 150,000. Yetu ni 14396-6050 RHD 1: tarakimu ni mahali pake angani, na RHD ni Jean Richaud, aliyeitambua kuwa nyota mbili mwaka 1689 akiwa Pondicherry, India. Kila mstari una mwaka wa kipimo cha kwanza na cha mwisho.

Wapo wanaosema Gaia, setilaiti iliyopima mahali pa nyota, imemaliza kazi hii. Sikubali. Alpha Centauri ni angavu kupita uwezo wake, na Gaia iliacha kutazama Januari 2025, ilhali jozi zinaendelea kuzunguka.

Andika tarehe kwa desimali ya mwaka (katikati ya mwaka ni .5), pembe, utengano, idadi ya video, na vipimo vilivyotofautiana kiasi gani. Kisha tafuta jozi za kusini zenye utengano wa sekunde 5 hadi 30 ambazo hazijapimwa kwa miongo.