Kitu Kinapobana Uume: Hatua za Dharura
Kitu kinachobana uume, kiwe pete, nati ya chuma au uzi, huzuia kwanza damu inayorudi mwilini ilhali ile inayoingia huendelea kusukumwa, na ndiyo maana uvimbe huongezeka na kitu chenyewe huzidi kukaza. Usisubiri uvimbe upungue wenyewe. Ikiwa kimekwama kwa muda mfupi na ngozi bado ina rangi na hisia za kawaida, mgonjwa alale chali, uume upoozwe kwa barafu iliyofungwa kitambaani, upakwe jeli ya kulainisha, kisha kitu kivutwe taratibu, mara moja tu.

Kisipotoka, au ngozi ikiwa baridi, imekufa ganzi au imegeuka nyeusi, au mkojo hautoki, nenda hospitalini papo hapo. Aibu isikucheleweshe, kwani wahudumu wa dharura hukutana na wagonjwa wa namna hii. Usikate chuma nyumbani: hospitalini hupitishwa kibati chembamba kati ya pete na ngozi, na maji humwagwa wakati wa kukata ili joto lisiunguze.

Mtoto mchanga akilia bila kunyamazika, fungua nepi umchunguze kwenye mwanga mzuri, maana unywele mmoja wa mama waweza kujizungusha kwenye uume wake, ukaubana na kuzama ndani ya uvimbe usionekane.