Mtaa haupo, kwaiyo kazi ni yako: kulea watoto wa Kiislamu Uingereza

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika zaidi kwa sisi tulioko Uingereza mana ndo mambo ya huku nayajua, walioko kwengine chukueni yanayowafaa.

Wengi tuliokulia Unguja, Mombasa, Tanga, Dar, ukituuliza nani kakufundisha dini tutasema mwalimu wa chuoni, yaani chuo cha Kurani. Ni nusu tu hiyo. Chuoni tulisoma alifu fataha a na juzuu amma na bakora juu yake, lakini kwamba ikifika magharibi mtoto harandi nje, kwamba ukipita barazani kwa wazee unatoa salamu, kwamba Ramadhani hata mlevi wa mtaa anajificha, haya hakuna aliyekaa chini akatufundisha, tuliyaokota tu. Sasa mtoto wako yupo Leicester au Milton Keynes au London mashariki, adhana anaisikia kwenye simu, jirani hata jina humjui, na wewe unampeleka madrasa saa kumi na moja mpaka saa moja jioni ukidhani umemaliza. Madrasa itampa kusoma. Ile nusu ya mtaa haina mwenyewe ila wewe.

Tuanze na sala mana hapo ndo pana ugumu wa kweli na watu hawapigi hesabu. Majira ya joto mambo ni rahisi mchana, adhuhuri London inaingia baada ya saa saba, alasiri karibu saa kumi na moja na nusu, kwaiyo mtoto anarudi skuli anasali zote nyumbani bila taabu, shida ni isha ambayo inakaribia saa sita usiku na alfajiri ya saa tisa usiku, hapo mwenye mtoto mdogo usimtese, mzoeshe zile anazoweza. Balaa ni kuanzia saa zikirudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba. Disemba adhuhuri inaingia saa sita, alasiri kabla ya saa nane, magharibi ni saa kumi kasoro dakika chache! Skuli inafungwa saa tisa na robo, mtoto akikosa basi moja tu alasiri imeshaenda. Kwaiyo adhuhuri asali kipindi cha chakula cha mchana, na alasiri awe na udhu wake tayari, kama nyumbani ni mbali asali palepale kabla hajaondoka au kwenye msikiti wa njiani. Ni miezi michache tu kwa mwaka, ukimpangia mapema anaizoea.

Skuli waandikie barua kabla saa hazijabadilishwa, kwa adabu, omba darasa tupu dakika kumi tu. Nyingi zinakubali. Ila msidanganyane kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba sheria inailazimisha skuli itoe chumba cha sala, sio hivyo. Skuli moja ya London, Michaela, ilizuia wanafunzi kusali, binti mmoja wa Kiislamu akaenda mahakamani, na Aprili 2024 Mahakama Kuu ikasema skuli haikuvunja sheria. Kwaiyo ukichagua sekondari uliza habari ya sala kabla hujajaza fomu.

Mengine ya skuli nayapitia haraka. Idd mtoto anapewa ruhusa, kawaida siku moja, na haihesabiwi utoro ila uombe mapema, na hapa kuna ule ugomvi wetu wa mwezi, msikiti huu unafuata Saudia mwengine unasubiri muandamo wa karibu, chagua msikiti mmoja tangu mwanzo wa Ramadhani ukae nao, usibadilishe usiku wa mwisho kwa sababu shemeji yako anasali kesho. Chanjo ya mafua ya kupuliza puani ina jeletini ya nguruwe, wapo masheikh walioruhusu na wapo waliokataa, kama moyo wako hautaki ipo ya sindano isiyo nayo, uliza tu, usirudishe fomu umekataa chanjo yote. Kwa skuli za England, somo la mahusiano ni lazima tangu Septemba 2020, hilo huwezi kumtoa mtoto, sehemu ya elimu ya jinsia ndo unaweza kuomba atolewe. Mimi naona bora uwaombe waalimu wakuonyeshe wanachofundisha, kisha mtoto ayasikie kwako kwanza kabla hajayasikia darasani. Sisi tunaona haya, najua, lakini fikhi yenyewe ina milango mizima ya janaba na hedhi na chuoni tulisomeshwa bila kucheka.

Madrasa sasa. Misikiti mingi huku ni ya ndugu zetu wa Kipakistani, Kihindi na Kibengali, kimadhehebu wao Mahanafi, sisi wa pwani Mashafii. Kheri nyingi wanatufanyia, lakini usishangae mtoto akirudi anasema mbona baba unasoma dua ya kunuti kwenye sala ya alfajiri mwalimu hasomi, mbona kalenda ya msikiti ina alasiri mbili, mbona bismillahi unaitoa kwa sauti. Au uko mezani umepika pweza wa nazi mtoto anakwambia pweza haliwi! Wengine wanakasirika wanamwambia mwalimu wako hajui kitu, na hapo umeharibu kuwili, mtoto haamini tena mwalimu na wewe pia anaanza kukutilia shaka. Mwambie tu kuna maimamu wanne, sisi kwetu tunafuata Shafi'i, mwalimu wako anafuata Abu Hanifa, wote wana dalili zao, alasiri ya kwanza kwenye kalenda ndo yetu. Mtoto wa miaka minane anaelewa vizuri kabisa, tena akikua na akisikia watu wanakufurishana hatababaika. Lakini ili umwambie hivyo inabidi wewe uwe unajua, kwaiyo kile kitabu kidogo cha fikhi ulichokiacha darasa la sita kitafute tena.

Habari ya bakora. Scotland kumpiga mtoto ni kosa tangu Novemba 2020, Wales tangu Machi 2022, na England ukimwachia alama utaitwa na watu wa ustawi wa jamii, na haijali kama ni mzazi au ustadhi. Ukitafuta madrasa uliza waalimu wamefanyiwa ile cheki ya rekodi ya makosa ya jinai inayoitwa DBS, uliza kama mzazi anaruhusiwa kukaa akaangalia, wakisita ondoka. Na sio sheria peke yake, mtoto wa huku akipigwa kwa ajili ya Kurani akifika miaka kumi na sita anaitupa, nawajua wazazi wanalia sasa hivi kwa hilo.

Kitu wanachotaka watoto hawa ni majibu. Kwetu ukiuliza "kwanini" uliambiwa astaghfirullah nyamaza. Huku mtoto anafundishwa skuli kuuliza kila kitu, akija kwako ukamnyamazisha anaenda kuuliza YouTube na TikTok, na huko masheikh wapo wa kila aina, kuna wazuri na kuna vijana wenye ndevu na maikrofoni tu. Ndo unamkuta binti anampigia bibi yake Ng'ambo, Unguja, kumwambia maulidi yake ni bidaa, yaani uzushi kwenye dini, bibi analia siku nzima. Ukiwa hujui jibu sema sijui, tutamuuliza fulani, halafu kweli muulize, mkiwa pamoja, simu iko spika. Na simu zenyewe zilale sebuleni usiku, pamoja na ya baba.

Halafu hili la wavulana. Binti tunamkazania hijabu, arudi mapema, nani kakupigia, kaka yake anazurura mpaka saa sita usiku na alfajiri haamshwi. Watoto wanaona. Binti haoni dini hapo anaona upendeleo, na mvulana anajifunza kuwa dini ni ya wanawake. Baba mpeleke kijana msikitini kwa mguu wako, sio umteremshe uende zako.

Kufunga nao huu ndo wakati. Ramadhani inarudi kwenye baridi, mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena Disemba. Funga ya Disemba London haifiki hata masaa kumi, fupi kuliko ya Zanzibar. Alokuwa mdogo afunge nusu siku, afuturu na wakubwa, na futari iwe ya kwetu yenye uji na tambi na kachori, alikeni familia nyengine za Kiswahili mzunguke nyumba kwa nyumba kila wikiendi. Hapo mtaa mnaujenga upya kidogo, watoto wanaona kumbe sio sisi peke yetu tunaoshinda njaa.

Na Kiswahili msikiache. Mtoto asiyejua lugha bibi anamuombea dua kwenye simu yeye anaitikia amina bila kuelewa ameombewa nini, mawaidha na kasida zote zinampita.

Ukipata uwezo wapeleke nyumbani likizo ya Julai na Agosti. Tiketi za wakati huo ni ghali mno najua, lakini ukiwatoa katikati ya muhula skuli inaweza kukupiga faini, England tangu Agosti 2024 ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na usipolipa ndani ya siku 21 inakuwa 160. Wakifika msiwafungie hotelini Nungwi. Wakae kwa bibi, asubuhi waende chuo cha mtaani, alasiri watumwe dukani, magharibi waende msikitini na binamu zao. Na kabla hujawaacha chuoni, zungumza na mwalimu habari ya bakora.