Mkimbiaji na baiskeli kwenye njia moja: nani apishe, na aseme nini

Nina kovu chini ya kidevu, nyuzi sita. Nililipata kwa neno moja tu: "Kushoto!"

Ilikuwa Daraja la Tanzanite, Dar es Salaam, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, niko juu ya baiskeli naelekea kazini Posta. Mbele yangu kaka mmoja anakimbia katikati ya njia ya pembeni, taratibu, hana habari na mtu. Nikapaza sauti, "Kushoto!", nikitaka asogee kushoto mimi nipite kulia kwake. Yeye alichosikia ni ukelele wa ghafla mgongoni. Akageuza shingo kulia kutazama kuna nini, na mwili ukafuata shingo. Nikamkuta palepale nilipokuwa nimepanga kupita. Alichubuka goti na kiwiko. Mimi nikaisalimia zege kwa kidevu. Tumekaa chini tunafuta damu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, hiyo kushoto ilikuwa ya nani, yako au yangu?"

Sikuwa na jibu. Ninayoyaandika hapa ndiyo jibu, limenichukua muda. Nayaandika nikiwa pande zote mbili, maana siku za kazi naendesha baiskeli kutoka Namanga ya Msasani hadi mjini, na Jumamosi nakimbia na kikundi chetu cha mchakamchaka kwenye njia hizohizo.

Kwanza jua uko kwenye njia gani

Watu wengi wanachanganya hapa. Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba pasipo na njia ya miguu, tembea upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari yanayokuja. Ni sahihi, na mkimbiaji afuate hivyohivyo. Baiskeli, kwa kuwa ni chombo, inakwenda kushoto pamoja na magari. Matokeo yake kwenye barabara ya kawaida isiyo na njia ya pembeni, wewe unayekimbia na yule wa baiskeli anayekuja mbele yako mnajikuta kwenye ukingo uleule, uso kwa uso. Nani apishe?

Hapo apishe mkimbiaji. Najua wakimbiaji wenzangu hawapendi kusikia hivyo, lakini fikiria. Baiskeli ikikukwepa, inakwepea wapi? Inaingia barabarani, na magari yanatoka nyuma yake, mwendeshaji hayaoni. Wewe unayaona yote, baiskeli na daladala iliyo nyuma yake. Shuka kwenye vumbi hatua tatu, mpishe, rudi. Viatu vitachafuka, basi.

Kwenye njia ya pembeni ambayo magari hayaingii, kama ya Tanzanite, mambo yanageuka. Pale wote tukae kushoto, wanaokimbia na wanaoendesha, wa kwenda na wa kurudi, na kupita ni kulia kama tulivyozoea nchi nzima. Na pale anayepisha ni baiskeli. Mwenye magurudumu ndiye mwenye mwendo, na mwenye mwendo ndiye atakayemuumiza mwenzake. Kama mkimbiaji yuko mbele yako na hakuna nafasi ya kupita, huna haki ya kumtoa. Unakaa nyuma yake mpaka nafasi ipatikane, hata kama saa inakimbia na bosi ana hasira.

Kuna wenye baiskeli za mbio wanaotaka kilomita 30 kwa saa kwenye njia hizi. Ndugu zangu, barabara ni ile pale. Njia inayopitwa na mtoto aliyeshikwa mkono na shangazi yake si mahali pa kujipima.

Hesabu ndogo, nivumilie

Mkimbiaji wa kawaida, wa dakika sita kwa kilomita, anakwenda kilomita 10 kwa saa. Baiskeli ya kwenda kazini bila kujitutumua ni kilomita 20 kwa saa. Ukimfuata kwa nyuma, mnakaribiana chini ya mita tatu kwa sekunde. Ukimwona akiwa mita 20 mbele, una sekunde saba. Saba ni nyingi, zinatosha kusalimiana. Lakini mkikutana uso kwa uso, mita 20 hizohizo zinaisha kwa sekunde mbili na nusu. Ndiyo maana anayekuja mbele yako anahitaji ishara mapema sana: kaa wazi upande wako wa kushoto tangu mbali, usisubiri mkaribiane ndipo muanze kucheza dansi ya huku-kule.

Baiskeli ya kilomita 20 kwa saa, ukijumlisha muda wa kushtuka na wa kufunga breki, inasimama baada ya mita 10 hivi pakiwa pakavu. Punguza mpaka 12, unasimama ndani ya mita tano. Mimi siku hizi nikimkaribia mtu naacha kukanyaga pedeli, naiacha baiskeli ijipunguze yenyewe, vidole tayari viko kwenye breki.

Kengele si ruhusa

Kengele inakuhakikishia jambo moja tu, kwamba umeipiga. Haikwambii kama imesikika. Na darajani kuna upepo. Miezi ya kusi, Juni mpaka Septemba, upepo unavuma kutoka upande wa mjini. Ukielekea Posta ukapiga kengele, sauti inarudishwa nyuma kwako, aliye mbele hapati kitu. Ukirudi Msasani jioni, upepo uko mgongoni, kengele ileile inamfikia mtu wa mita 30. Nilichukua muda kugundua kwamba waliokuwa "wanajifanya hawasikii" asubuhi walikuwa hawasikii kweli.

Kwa hiyo nasalimia. Sitanii. Naanza na kengele moja nikiwa mbali, mita 20 au zaidi, si mgongoni mwa mtu. Nikifika mita nane, kumi, natoa salamu kwa sauti ya kawaida kisha nasema napita wapi: "Za asubuhi kaka, napita kulia kwako." Kwa mtu mzima: "Shikamoo mzee, nakuja nyuma yako." Faida ya salamu ni kwamba Mswahili hawezi kuiacha bila jibu. Mzee akisema "Marahaba", nimejua amenisikia, amejua ni mtu na si bodaboda, na amebaki kwenye mstari wake kwa sababu hakushtuka. Kijana atainua kidole gumba au aseme "pita". Likija jibu, napita. Lisipokuja, sipiti. Naenda mwendo wake, narudia, na kama bado, mguu chini. Mara nyingi ana spika za masikioni.

Angalia na maneno yenyewe. "Kushoto!" peke yake ni amri isiyo na mwenyewe, kama yule kaka alivyoniambia. "Pisha!" inamfanya mtu aruke, na huwezi kujua ataruka upande gani. "Oya!" inamfanya ageuke. "Napita kulia kwako" inamwambia mimi nitafanya nini, wala haimtaki yeye afanye chochote. Abaki alipo.

Na wewe unayekimbia, ukisikia salamu nyuma, jibu bila kugeuka. Kugeuka ndiko kunakokupeleka kwenye gurudumu. Inua mkono, endelea kunyooka. Spika za masikioni weka upande mmoja tu, sikio la kulia likae wazi kwa sababu huko ndiko watu wanakopitia.

Tenga la samaki lina haki zake

Kuna baiskeli moja ambayo nikiiona naiachia njia nzima, niwe nakimbia au naendesha. Ni ile Phoenix inayotoka soko la samaki la Feri alfajiri na tenga la samaki kwenye keria. Mwenyewe amesimama juu ya pedeli, maji ya barafu yanadondoka, usukani unacheza kwa sababu uzito wote uko nyuma. Huyo akifunga breki ghafla, tenga litamsukuma. Akisimama kabisa, kuanza tena ni shughuli ya watu wawili. Vivyo hivyo wa mkaa mwenye magunia mawili au matatu, na muuza mikate mwenye kasha pana kuliko usukani wake. Hapa ile kanuni ya mwenye magurudumu apishe naiweka kando. Yeye hawezi kusimama, mimi naweza, basi nasimama mimi. Simama kabisa, usipunguze tu mwendo, kwa sababu yeye anakusoma uko wapi na akikuona unasogeasogea hajui akupitie wapi. Atakwambia "asante mama" hata kama ana miaka kukuzidi.

Tahadhari moja: ukiwa unaendesha nyuma ya tenga, kaa mbali. Yale maji yakimwagika juu ya zege laini yanateleza, tena yananuka mpaka ofisini.

Wenzangu wa mchakamchaka

Kikundi chetu Jumamosi kinafika watu 40, kiongozi mbele anaimba, sisi tunaitikia, na raha yake yote iko kwenye kuwa pamoja. Ila nikiwa kwenye baiskeli nikakutana na kikundi cha namna hiyo kimejaza njia kutoka ukingo mpaka ukingo, naelewa kwa nini watu wanatuchukia. Hatusikii kengele kwa sababu tunaimba. Hatuoni nyuma kwa sababu kila mtu anamtazama aliye mbele yake.

Tulichofanya sisi: tunakimbia wawili wawili, si watatu. Mbele na nyuma kuna mtu mwenye kizibao cha reflekta. Wa nyuma haimbi. Kazi yake ni masikio, na akisikia baiskeli anapuliza filimbi mara moja, wa kulia wote wanaingia nyuma ya wa kushoto, mstari unakuwa mmoja, baiskeli inapita, tunarudi wawili. Mwezi wa kwanza ilikuwa fujo, watu wanakanyagana visigino. Sasa hivi wimbo hata haukatiki.

Na msikimbilie njia ya mwendokasi kwenye Barabara ya Morogoro. Naona vikundi vinafanya hivyo Jumapili kwa sababu ni pana na kunaonekana kumetulia. Mabasi yanaanza kazi alfajiri, na basi refu lenye kiungo katikati halikwepi mtu kama baiskeli.

Vitu vinavyoangusha watu

Kugeuza ghafla ndiyo namba moja. Mkimbiaji anatazama saa ya mkononi, kilomita tano zimetimia, anageuka palepale kama askari gwaride. Ukitaka kugeuza, punguza, sogea ukingo wa kushoto, tazama nyuma juu ya bega, ndipo ugeuke. Kufunga kamba za viatu vilevile, toka kwanza kwenye njia. Wanaosimama darajani kupiga picha jua linachomoza baharini, siwalaumu, linapendeza kweli, lakini mgongo uegemee reli, wasirudi kinyumenyume kutafuta picha ipanuke.

Mate. Wakimbiaji tunatema, hilo halina mjadala. Tazama nyuma kwanza, na uujue upepo.

Mchanga, upande wa Coco Beach. Upepo unaupandisha kwenye lami, unakaa kama unga mwembamba usiouona alfajiri. Mwendeshaji akikata kona pale kumpita mtu, gurudumu la mbele linaondoka. Pita ukiwa umenyooka au subiri paishe.

Taa. Saa kumi na moja alfajiri bado giza. Baiskeli iwe na taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na ile ya mbele iinamishwe imulike mita kadhaa za njia, isimpige mtu machoni. Mkimbiaji avae chochote cheupe. Fulana nyeusi iliyolowa jasho haionekani mpaka uifikie.

Mkigongana pamoja na yote hayo, tokeni njiani kwanza, mabishano baadaye, kwa sababu nyuma kuna wengine wanakuja. Aliyegonga kichwa asiondoke peke yake hata akisema yuko sawa. Na baiskeli usiipande hivihivi: inua mbele, zungusha gurudumu, bana breki zote mbili, tazama kama usukani umenyooka na gurudumu. Siku ile mimi nilijifuta damu nikapanda, nikateremka kuelekea Hospitali ya Aga Khan, ndipo nikagundua ringi ya mbele imepinda na breki inashika upande mmoja tu. Nilishuka nikaisukuma mpaka Posta.