Kisanduku cha breka: kukichagua na kukifunga bila kuhatarisha nyumba

Kazi ya breka, yaani swichi inayojikata yenyewe mzigo ukizidi, ni kulinda waya uliofukiwa ukutani. Ndiyo maana breka huchaguliwa kwa kuangalia unene wa waya, na ikikata mara kwa mara usibadilishe ukaweka kubwa zaidi. Ukiweka breka ya ampea 32 kwenye waya wa taa wa mm² 1.5, waya ukizidiwa mzigo utaungua ndani ya lipu huku breka imetulia.

Nchini Uganda kazi hii ni ya fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme. Maelezo haya ni ya fundi huyo, na pia ya mwenye nyumba anayetaka kujua anunue nini na akague wapi.

Anza kwa kuhesabu njia, yaani nyaya zinazotoka kisandukuni, kila moja na breka yake. Nyumba ya vyumba vitatu mara nyingi huhitaji njia mbili za taa, mbili za soketi, moja ya jiko, moja ya hita ya bafu na moja ya pampu ya maji. Hizo ni saba. Usinunue kisanduku cha njia nane. Nunua cha kumi au kumi na mbili, maana chumba cha nje au duka la mbele huja baadaye, na kisanduku kikijaa watu huanza kubana nyaya mbili kwenye breka moja.

Taa: waya wa mm² 1.5, breka ya ampea 6 au 10. Soketi: waya wa mm² 2.5. Kama waya unaishia kwenye soketi ya mwisho, weka breka ya 20. Kama unazunguka soketi zote na kurudi kisandukuni, 32 inaruhusiwa. Hapa pana mtego: mzunguko huo ukikatika mahali fulani soketi zote zinaendelea kufanya kazi, lakini upande mmoja sasa unaweza kubebeshwa mzigo wa pande zote mbili. Fundi apime mwendelezo wa duara kabla ya kufunga kifuniko. Hita ya wati 5,500 kwa volti 240 inavuta karibu ampea 23, kwa hiyo ipewe waya wa mm² 6 na breka ya 32, peke yake.

Dukani, shika breka mkononi na usome maandishi. Pawepo alama kama C20 au B20 (20 ni ampea), namba 6000 ndani ya mstatili, yaani uwezo wa kukata shoti ya ampea 6,000, na namba ya kiwango 60898. Breka nyepesi isiyo ya kawaida, yenye maandishi yanayofutika kwa kidole, iache hapohapo. Nunua pia swichi ya mvujo (RCD) ya 30 mA, inayokata umeme unapovuja. Breka ya kawaida haimwokoi mtu aliyeshika waya wa moto. Hii ndiyo inayomwokoa, hasa bafuni na kwenye soketi za nje.

Kisanduku kikae ndani, pakavu, kwenye kimo cha macho, mbali na jiko na bafu. Kama ukuta wa tofali bado haujapigwa lipu, funga ganda tupu na uzibe mdomo kwa karatasi. Vumbi la saruji likiingia kwenye breka linaweza kuzuia sehemu zake zinazosogea. Kisanduku cha bati kiunganishwe na athi (waya wa kwenda ardhini), na kila tundu la kupitishia waya liwe na raba, kwani ukingo wa bati hukata ganda la waya. Matundu yasiyotumika yazibwe. Mijusi na nyigu hupenda sana joto la humo ndani.

Kabla ya kugusa chochote, zima swichi kuu, na uzime pia inveta ya sola na jenereta, ambazo zinaweza kurudisha umeme kwa mlango wa nyuma. Jaribu tesita kwenye waya unaojua una moto, pima unapofanyia kazi, kisha rudi uijaribu tena pale pa kwanza. Upande wa mita wenye lakiri ni wa UEDCL, kampuni ya kusambaza umeme, usiuvunje.

Funga athi kwanza, kisha nyutro (waya wa kurudisha umeme), mwisho waya wa moto. Nyutro ya njia ya 3 iende tundu la 3 kwenye baa ya nyutro, na athi yake tundu la 3 kwenye baa ya athi, ili anayekuja kesho asikisie. Breka kubwa zikae karibu na swichi kuu. Angalia kwa tochi meno ya basba, ukanda wa shaba unaogawa umeme kwa breka: kila jino liingie ndani ya taya ya breka. Mara nyingi jino hupita nyuma ya taya, skrubu inakazika vizuri, kumbe imebana hewa. Siku pasi na birika vikiwashwa pamoja, hapo panachemka, plastiki inageuka kahawia na kunuka. Ganda la waya likibanwa chini ya skrubu huleta balaa hilohilo. Vuta kila waya kwa mkono baada ya kukaza.

Nyutro za njia zilizo chini ya swichi ya mvujo ziwe na baa yao. Moja ikiingia baa nyingine, swichi itakata mara tu unapowasha mzigo, na wengi huing'oa wakidhani ni mbovu. Tafuta nyutro iliyopotea njia.

Ukiwa umezima bado na vifaa vyote vimechomolewa, pima ganda la nyaya kwa kipimo cha insulesheni (mega) cha volti 500. Ikisoma chini ya megaomu 1, usiwashe. Ukishawasha, bonyeza kitufe cha T kwenye swichi ya mvujo: lazima ikate papo hapo. Kisha andika kwa kalamu isiyofutika, ndani ya kifuniko, kila breka ni ya chumba gani.