Namna ya kuandika maisha ya mwalimu wenu wa karate

Sensei akifariki, kila mtu Goma ana hadithi yake, na zile tamu zaidi ndizo za kuchunguzwa kwanza. Mimi ndiye niliyekabidhiwa daftari la sensei wetu wa Birere. Ukipewa kazi kama hiyo, fanya hivi.

Wanafunzi waache kwanza. Nenda kwa mama mjane, umwombe karatasi: diploma, kadi, picha. Usishangae akikosa, maana lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji na kumeza nyumba na vyote vilivyokuwamo. Ulizia ndugu wa Bukavu na Gisenyi. Picha ya harusi haikosi kuwa kwa shangazi fulani.

Karatasi ikipatikana, tazama muhuri. Wenye jina la Zaire, jina la zamani la nchi yetu ya Kongo, ni wa kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997. Halafu jina: mwaka 1972 Mobutu alilazimisha watu waache majina ya Kikristo, kwa hiyo yule Joseph wa cheti cha ubatizo na mwenye diploma ya mkanda mweusi huenda ni mtu mmoja.

Wazee usiwaulize mwaka. Uliza kama ilikuwa kabla ya volkano au baada, tena ipi, ya 2002 au ya Mei 2021. Mzee aliyekuwa akitushonea kimono, yale mavazi ya karate, alisema hakumbuki lolote. Nilipotaja wakimbizi wa Julai 1994 akasimama, akanionyesha kwa mkono mahali familia zilipolala ukumbini, na uwanja wa mawe ambako mazoezi yalihamia. Huko, alisema, sensei aliruhusu viatu.

Hadithi za Japani zipime kwa tarehe. Kwetu ilisemwa kwamba sensei alifunzwa na Gichin Funakoshi mwenyewe, mwasisi wa karate ya Shotokan. Funakoshi alifariki mwaka 1957, wakati sensei alikuwa bado anachunga mbuzi Masisi. Niliandika kwamba haiwezekani. Wakubwa wawili bado wananisalimia kwa shingo upande.

Kazi nzito ni kuandika alichofundisha. Chukua wanafunzi wa vizazi tofauti, wapige Heian Shodan, ile kata (mfululizo wa hatua uliopangwa) ya wanaoanza, mmoja mmoja, uwarekodi kwa simu kutoka mbele na ubavuni. Usiwaambie unatafuta nini, la sivyo watajirekebisha. Sisi tuligundua jambo kwenye hatua ya nne, ile ya ngumi ya nyundo. Wa zamani wanavuta mguu wa mbele hadi karibu na wa nyuma kabla ya kupiga. Waliokuja baada ya 2002 wanauvuta kidogo tu. Ukumbi wa kwanza ulikuwa umefunikwa na lava, wakahamia chumba chembamba, sensei akafupisha hatua. Badiliko kama hilo liandike pamoja na sababu yake, ili mwalimu mgeni asije akalifuta akidhani ni kosa.

Ukimaliza, msomee mama mjane yote kwa sauti, na akitaka jambo litoke, litoe. Kisha piga kopi: moja yake, nyingine ya anayeshika funguo za dojo, ukumbi wa mazoezi, na ya tatu ipeleke nje ya Goma. Volkano bado iko.