Fildi ya ndege wa msituni: anza na masikio

Kama umepata fildi ya ndege, yaani kazi ya kuwachunguza porini, kwenye misitu ya milima ya Udzungwa upande wa Kilolo, au Mufindi, mkoani Iringa, anza kujifunza sauti kabla hujapanda gari. Msituni ndege wengi utawasikia tu, majani yamefunga. Rekodi kwa simu, andika saa na mahali, jioni muulize mwenyeji anayeujua msitu. Kwale wa Udzungwa mwenyewe alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1991 tu, na hadi leo kumwona ni kazi. Darubini sawa, ila koti zito kwanza: Juni na Julai baridi ya kule haina utani, na nyavu za kunasia ndege wa kuchunguzwa hufunguliwa alfajiri. Mvua zikianza, mwishoni mwa mwaka, ni gambuti. Raba waachie wa mjini.